Hela ya kitanda irudi kujaza kitanda: ushuru wa gesti Dar utumike kwenye matamasha yanayoleta wageni

#1 MamaGesti

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa rohoni toka mwaka jana na leo nimepata nafasi nimeona niliandike lote.

Naendesha gesti Sinza, vyumba 14. Alianzisha mama, mimi nimeishika toka miguu ilipoanza kumsumbua. Ushuru wa nyumba za kulala wageni nalipa halmashauri kwa control namba na risiti nazibana kwenye faili, kwa hiyo sijaja kulia kwamba kodi ni nyingi. Nimekuja na swali moja tu: hii hela ambayo mgeni anaitoa kwa sababu amelala kwangu, ikishaingia halmashauri inafanya nini ili mgeni mwingine aje kulala?

Mnaolala gesti mnalijua daftari la wageni, lile kubwa la jedwali, jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, saini. Wengi mnalijaza fasta mkiwa mmechoka na safari na mnaliona ni usumbufu. Mama yangu alikuwa na tabia moja, mgeni akishachukua ufunguo anamuuliza kilichomleta mjini halafu anaandika pembeni kwa penseli neno moja. "Muhimbili". "Mzigo", yaani anafuata mzigo Kariakoo. "Msiba". "Usaili". "Mpira". "Harusi". Hata mimi nimeendelea hivyohivyo kwa mazoea tu, sikuwahi kuwaza itanisaidia nini.

Sasa masika ya mwaka jana vyumba vilikuwa vitupu mpaka nikamwambia dada wa usafi aje siku moja moja. Nikakaa kaunta nikatoa madaftari yote ya nyuma mpaka 2019 nikaanza kuyasoma yale maneno ya penseli. Aisee. Biashara yangu yote ilikuwa imeandikwa pale na nilikuwa siioni. Kabla ya 2021 karibu kila ukurasa una "basi alfajiri", watu wanalala Sinza ili saa kumi na moja wawe Ubungo stendi. Mabasi yalipohamia stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis lile neno linapungua wiki hadi wiki mpaka linapotea kama limefutwa na raba. Chumba ni kilekile, godoro nilibadilisha, bei sikupandisha. Sababu ya kuja ndiyo iliyohama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mgeni hafuati kitanda, anafuata sababu. Mimi naweza kuweka feni mpya na WiFi na bado nikalala njaa kama mjini hakuna kitu kinachomvuta mtu wa Mbeya au Mwanza au Lubumbashi.

Na madaftari yanaonyesha sababu zinazojaza. Watani wa jadi Simba na Yanga wakicheza uwanja wa Mkapa, vyumba 14 vyote, na watu wananiomba kulala hata kwenye kochi la mapokezi. Siku ya Simba na Wiki ya Mwananchi hivyohivyo, familia nzima zinakuja na jezi. Sabasaba kule Kilwa Road, toka mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai, wale wenye mabanda wanakaa wiki mbili, hao ni wateja dhahabu. Mahafali ya Mlimani, wazazi kutoka mikoani. Mashindano ya mpira ya CHAN ya mwezi wa nane 2025, ufunguzi ulikuwa hapa Dar tarehe 2, nilipokea vijana wanne wa Mbeya waliosema watalala usiku mmoja wakaondoka siku ya tano. Siku hizo tano walikula kwa mama ntilie wa jirani, walinyoa kinyozi wa kona, walipanda bajaji asubuhi na jioni, wakaenda Kariakoo kununua viatu, na mmoja akaenda Coco akarudi anasifia mihogo kama hajawahi kula muhogo maisha yake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Sehemu ya ushuru wa vyumba inaokusanya halmashauri itengwe kwa sheria ndogo, isiguswe na kitu kingine, na itumike kufadhili matamasha, mbio, maonesho na mashindano yanayomfanya mtu wa nje ya Dar alale Dar. Na anayepewa aseme mapema ataleta wageni wangapi, halafu baadae aje aonyeshe aliwaleta kweli.

Najua mtasema sponsa wapo. Sponsa wanaondoka. Sauti za Busara ya Zanzibar ilianza 2004, kila mwezi wa pili watu wanajaa Ngome Kongwe wanatoka dunia nzima, na pamoja na jina lote lile mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa hela. Mwaka mzima ukarukwa! Fikirieni wenye vyumba na migahawa pale Mji Mkongwe, wananufaika na tamasha miaka yote halafu tamasha linakosa hela na hakuna njia iliyopangwa ya wao kuchangia. Tamasha linalea vitanda, na vitanda navyo vilipe ada ya malezi.

Karibuni tujadili, na matusi tuyaache nje.

#2 Kijana wa Tandale

Dada nimesoma yote na nakuheshimu ila sikubaliani na wewe hata kidogo. Mtaani kwetu mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya kitanda, kitanda changu mimi sio cha gesti, watoto wanavuka mfereji kwa tairi kwenda shule, halafu halmashauri ichukue hela ipeleke kwenye steji na spika? Hela ya umma ikishaitwa "tamasha" imeliwa hiyo. Watapewa wanaojuana, atapigwa picha mheshimiwa, watavaa tisheti, wataenda nyumbani. Jenga mfereji kwanza.

#3 Bajaji Mwenge

Naongea kama dereva. Siku ya mechi kubwa nafunga hesabu ya bosi saa nane mchana na ya kwangu inaanza hapo. Siku ya kawaida nafunga hesabu saa tatu usiku nikiwa na bahati. Mimi niko na mleta uzi.

#4 MamaGesti

@Kijana wa Tandale mdogo wangu, wala hujakosea na siwezi kukwambia mfereji usubiri muziki. Nami nimetoka kwenye nyumba ya maji ya mafuriko, Msimbazi naijua.

Ila sijasema ushuru wote. Nimekuwa nikisoma wenzetu wanavyofanya, nikutolee mfano jimbo la Oregon kule Marekani. Mwaka 2003 walipitisha sheria kwamba mji ukianzisha kodi mpya ya vyumba au ukiipandisha ile iliyopo, angalau asilimia 70 ya hiyo nyongeza iende kwenye kutangaza utalii au majengo ya utalii, na asilimia 30 mji ufanye unachotaka, mifereji, polisi, chochote. Sisemi sisi tuige hizo namba. Huku kwetu ningeridhika hata na robo. Ninachokipenda pale ni kwamba mgao umeandikwa kwenye sheria, hautegemei mkurugenzi wa mwaka huu ana hamu gani.

Pia nikuulize, kwa sasa ambapo hakuna hata shilingi inayotengwa kwa hili, mfereji wenu umejengwa? Hela iko kwenye kapu moja na bado maji yanaingia. Nikijaza vyumba 14 badala ya 5 ushuru ninaolipa unapanda karibu mara tatu na hiyo nyongeza ndiyo inayoweza kuja kwenu. Nikifunga gesti mimi hamtapata cha mfereji wala cha tamasha.

Hoja yako ya hela kuliwa ndiyo nzito kweli, hiyo naomba niirudie baadae.

#5 Fundi Jukwaa

Wakuu mimi kazi yangu ni kufunga majukwaa, tenti na mataa, miaka kumi na moja sasa, nimefunga harusi, kampeni, injili, taarabu, bongofleva, kila kitu. Niseme kitu ambacho watu wa nje hawakioni.

Tamasha linakufa kwa sababu ya muda, hela ni jambo la pili. Mwandaaji anapata uhakika wa sponsa wiki tatu kabla. Wiki tatu! Hapo ndio anakimbilia vibali BASATA kwa mambo ya sanaa, COSOTA kwa hakimiliki, polisi, zimamoto, halmashauri, halafu matangazo yanatoka siku kumi kabla. Mtu wa Iringa akiliona bango mtandaoni ameshachelewa kuomba ruhusa kazini. Kwa hiyo linajaa watu wa Kinondoni na Temeke ambao wanarudi kulala kwao, gesti ya dada haipati kitu. Angalieni Kilimanjaro Marathon, ipo toka 2003, inajulikana ni mwisho wa mwezi wa pili au hapo mwanzoni mwa wa tatu, mtu anaanza mazoezi mwezi wa kumi na chumba Moshi anakibuku mapema maana ukichelewa hukipati. Pale wameuza tarehe kwanza, muziki na medali vinafuata.

Kama hiyo hela ya ushuru itakuja basi itangazwe mwaka mmoja kabla. Mwandaaji ajue mwezi wa kumi na moja kwamba mwakani mwezi wa tisa ana milioni kadhaa mkononi. Hata kama ni ndogo, tarehe inasimama. Nikiwa na tarehe mimi fundi nakata bei kwa sababu napanga kazi zangu. Kazi ya kushtukiziwa ndiyo inayopanda bei.

#6 MamaGesti

@Fundi Jukwaa kaka umenigusa kwenye kidonda. Kuna mwandaaji mmoja alibuku vyumba 9 kwangu kwa ajili ya wasanii na wageni wa tamasha lake, nikakataa wateja wengine wiki nzima, nikanunua mashuka mapya jozi tisa, siku mbili kabla akapiga simu tamasha limeahirishwa. Yale mashuka nilikuja kuyatumia lakini wateja niliowakatalia wawili hawajarudi mpaka leo, walikuwa wanakuja kwangu kila wakifuata mzigo. Namsikitikia na yeye maana najua sponsa alimgeuka.

#7 Mhasibu Mstaafu

Wanajukwaa salaam. Nimefanya kazi ya hesabu kwenye halmashauri miaka mingi kabla ya kustaafu, nimeona nichangie maana naona mnajadili kwa adabu.

Mleta mada, utakutana na vikwazo vitatu. Kwanza, ushuru wako ukiingia unaitwa mapato ya ndani, unachanganyika na leseni, ushuru wa huduma, ada za masoko, maegesho na vinginevyo. Haubebi jina lako. Ukitaka ubebe jina lazima kuwe na kifungu. Na inawezekana, mfano mnao wote: asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Zamani ilikuwa maelekezo tu, halmashauri moja inatoa nyingine inasema bajeti haikutosha. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ndipo ikawa lazima. Lakini kumbukeni pia kilichofuata, vikundi hewa, marejesho hayarudi, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anaandika kila mwaka, mpaka 2023 mikopo ikasimamishwa na kurudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kutenga hela kwa sheria ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni nani anaamua apewe nani, na anarudisha hesabu kwa nani.

Pili, msichanganye ushuru huu na ile tozo ya kitanda ya watalii. Ile imetokana na Sheria ya Utalii ya 2008, ilipoanza 2013 ilikuwa dola 1.5 kwa kila usiku, na hiyo ni ya serikali kuu, diwani wako hana mkono pale.

Tatu, Dar sio halmashauri moja. Kuna Jiji ambalo ndilo Ilala ya zamani, kuna Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Uwanja wa Mkapa uko Temeke, gesti yako ya Sinza iko Ubungo, fukwe ziko Kinondoni na Kigamboni, Makumbusho ya Taifa iko Jiji. Temeke akifadhili tamasha wageni wakalala Sinza, Temeke atauliza amepata nini.

#8 MamaGesti

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma mara mbili na nimemsomea mama yangu, amesema huyu mzee anajua anachosema.

Swali la nani anaamua ndilo lililonifanya nitafute usiku kucha kwenye simu. Nieleze nilichokikuta jimbo la Washington, kule Seattle, maana kimenipa moyo sana.

Kule mji wenye watu kuanzia 5,000 unaotoza kodi ya vyumba lazima uwe na kamati ya ushauri ya hiyo kodi. Kamati isiwe chini ya watu watano. Angalau wawili ni wenye hoteli na nyumba za wageni, yaani sisi tunaokusanya. Angalau wawili ni wa upande wa wanaoweza kufadhiliwa, waandaaji na watu wa makumbusho na kadhalika, na hizo pande mbili ziwe sawa kwa idadi. Mmoja ni diwani na ndiye mwenyekiti. Waombaji wanapeleka maombi kwa kamati, kamati inatoa orodha ya majina na kiasi, na baraza la mji likigawa linachagua kutoka kwenye ile orodha tu. Mheshimiwa hawezi kuchomeka shemeji yake ambaye hakupita kwenye kamati. @Kijana wa Tandale hapo ndipo nilikuwa nakuwaza wewe.

Halafu ile fomu ya kuombea. Mwombaji lazima akadirie atakavyoongeza wageni, na anawatenganisha: wanaolala kwenye vyumba vya kulipia, waliotoka maili 50 au zaidi, kama kilometa 80, wawe wanalala au wanarudi siku hiyohiyo, na waliotoka jimbo au nchi nyingine. Tamasha likiisha analeta namba halisi na zinapelekwa mpaka kwenye kamati ya ukaguzi ya bunge la jimbo, inazitoa hadharani mtu yeyote anasoma.

Nikachukua ramani. Kilometa 80 kutoka Dar, Kibaha haifiki. Bagamoyo mjini haifiki. Chalinze inafika. Kwa hiyo ukiandaa tamasha viwanja vya Leaders wakaja watu wa Kibaha na Kimara wewe umefanya sherehe nzuri na Mungu akubariki, lakini hela ya kitanda usiiguse. Ukileta watu wa Morogoro kwa treni ya SGR wakalala usiku mmoja, hapo tunaongea.

Na zile namba za kuhesabu ndio wakuu zimenifanya nikumbuke daftari la mama! Yeye na penseli yake alikuwa anafanya kazi hiyohiyo bila kutumwa na mtu. Safu moja tu ikiongezwa, "sababu ya safari", na sisi wenye gesti tukapeleka jumla kila mwezi tunapolipia control namba, bila majina ya watu, idadi tu, halmashauri itajua tamasha gani lilijaza vyumba na lipi lilijaza picha za mtandaoni.

#9 Kijana wa Tandale

Sawa hapo kwenye orodha umenipunguza hasira kidogo. Ila hao wawili wa gesti watakuwa wa mahoteli makubwa ya Posta na Masaki, sio wewe. Na wawili wa matamasha watakuwa mapromota wakubwa. Na je gesti za shoti taimu? Huko Sinza tunajua zimejaa, hao nao ni wageni wa utalii?

#10 MamaGesti

Ndio maana nataka iandikwe: kiti kimoja cha hoteli kubwa, kimoja cha nyumba ndogo isiyozidi vyumba 20. Ukiacha wazi watakaa wenye suti wote.

Shoti taimu nitajibu kwa ukweli. Zipo, nyingi, na kuna gesti zinaishi kwa hiyo na wenyewe wana watoto wa kusomesha siwahukumu. Mimi mama alikataa toka mwanzo na hasara yake tunaijua. Mtu wa masaa mawili hajazi daftari na huwezi kumhesabu kama mgeni wa tamasha, kwa hiyo hatakuwepo kwenye hizo namba. Ila kuna kitu watu hawasemi, mwenye gesti anaingia kwenye shoti taimu pale wageni wa kulala wanapokosekana. Nipe wageni wa kulala uone gesti ngapi zitabadilika.

#11 Kigamboni Pwani

Naombeni kuuliza, kwa nini mnang'ang'ania muziki tu? Huku kwetu tuna fukwe, kuna ngalawa, kuna wavuvi wanaojua kushindana kwa tanga tangu enzi. Mbio za ngalawa kutoka Kivukoni mpaka huku zingefanywa kila mwaka tarehe moja, watu wangetoka Tanga, Mafia, Kilwa na majahazi yao. Hao wote wanalala.

#12 Fundi Jukwaa

Hiyo ya ngalawa nimeipenda mpaka nimesimama. Na gharama yake ndogo, huhitaji jukwaa la milioni mia, unahitaji boti za uokoaji, maboya, jaketi za kuokolea, zawadi na mtu wa kutangaza ngoma ya pwani. Hii ndio aina ya kitu ambacho sponsa wa bia hakioni lakini hela ya ushuru inaweza kukishika mkono mpaka kikasimama chenyewe.

#13 MamaGesti

@Kigamboni Pwani tafadhali usiache hilo wazo lifie humu.

Umenikumbusha San Francisco. Mji ule ulianza mwaka 1961 kutumia kodi ya hoteli kusaidia sanaa, na hela inakwenda mpaka kwenye maandamano ya mwaka mpya wa Kichina na kanivali za mitaa. Hazikutungwa na ofisi ya utalii, watu wenyewe walikuwa nazo mtaani kwao, hela ya vyumba ikazisaidia zisife. Sisi tuna vigodoro, tuna mdundiko wa Wazaramo, tuna mashindano ya bao, tuna hizo ngalawa. Mimi ningependa kamati iangalie vitu hivyo kabla ya kumleta msanii wa nje kwa hela ambayo ingejenga mfereji wa Tandale mara mbili.

Na nina msimamo mmoja ambao najua waandaaji hawataupenda. Hela hii isifadhili kitu chochote Desemba wala wiki za Sabasaba. Vyumba vimeshajaa! Unaongeza tamasha juu ya Sabasaba halafu mgeni anakosa pa kulala au analala kwa bei ya kukomolewa, anarudi kwao anatusema vibaya. Angalieni madaftari yangu: mwezi wa nne na wa tano ni kurasa nyeupe, mwezi wa kumi na wa kumi na moja mwanzoni pamelegea. Masika huwezi kuweka jukwaa la nje nakubali, ila kuna vya ndani, mashindano ya ngumi, maonesho ya vitabu, mikutano ya vyama vya kitaaluma, kwaya. Kwaya wakuu! Kwaya moja ya mkoani inakuja na basi zima la watu na hailali barabarani. Mwaka 2022 kwaya kutoka Kigoma ilichukua vyumba vyangu vyote siku tatu, walikuwa wanafanya mazoezi uani jioni mpaka majirani wanaleta viti.

#14 Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu.

Hilo la misimu ni la kitaalamu kabisa. Niongeze jambo moja kuhusu halmashauri tano. Msisubiri sheria ya bunge, itachukua miaka. Kuna mji wa Manchester Uingereza, kule wenye hoteli walipiga kura wao kwa wao wakajitoza pauni moja kwa chumba kwa usiku kuanzia Aprili 2023, mwaka wa kwanza wakapata kama pauni milioni 2.8 za kutangaza mji na kusaidia matukio hasa miezi ambayo vyumba vimelala. Hata Afrika Kusini wana mchango wa asilimia 1 wa kutangaza utalii ambao ni wa hiari, hoteli inaamua kuingia. Maana yake mnaweza kuanza nyinyi wenye gesti wa kata mbili tatu, bila kujali mpaka wa manispaa, mkachangia tukio moja dogo, mkahesabu, halafu mkaenda Baraza la Madiwani na namba mkononi. Diwani hapingi namba zilizopigwa na wapiga kura wake. Na zipelekwe mapema, kabla kamati ya fedha haijakaa kwenye makisio ya bajeti. Ukija na wazo zuri mwezi wa sita umechelewa mwaka mzima.

#15 Bajaji Mwenge

Na AFCON 2027 hiyo inakuja, sisi na Kenya na Uganda. Wageni watakuja hata tusipofanya kitu. Ila wakishaondoka je?

#16 MamaGesti

@Bajaji Mwenge hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. AFCON ni ya mwezi mmoja na mgeni wake hatuhitaji kumfadhilia, anakuja mwenyewe. Nataka akifika kaunta kwangu nimpe karatasi yenye tarehe za mwaka unaofuata, ngalawa tarehe fulani, kwaya tarehe fulani, ngumi tarehe fulani, ili arudi. Hivi sasa nikiulizwa "mwakani kuna nini Dar" sina cha kumjibu zaidi ya Sabasaba na mpira.

@Mhasibu Mstaafu mzee nimekusikia. Leo mchana nimezunguka gesti saba za mtaani kwetu kwa miguu. Nne wamekubali kuanza safu ya "sababu ya safari" tarehe moja ya mwezi ujao, wawili wamesema wanaogopa halmashauri itawabambika ushuru ikijua idadi ya kweli, mmoja hakuwepo. Hao wawili nawaelewa, na sitawalazimisha, ila nimewaambia jumla zitatoka za mtaa mzima sio za gesti moja moja.

Nimempigia simu mwalimu wa ile kwaya ya Kigoma, namba yake ilikuwa kwenye daftari la 2022 ukurasa wa 41. Kanikumbuka. Kasema kama kutakuwa na tamasha la kwaya mwezi wa tano ukumbi wa ndani, yeye analeta watu 38 na anajua kwaya nyingine mbili, Kasulu na Tabora. Nahitaji ukumbi wa bei ya kawaida maeneo ya Sinza, Mwenge au Ubungo, viti kama 400, siku tatu. Mwenye kuujua aje inbox, na @Fundi Jukwaa niambie mataa na spika za ndani ni shilingi ngapi tukiweka tarehe leo.